"Totally" si "kabisa" kila mahali

Msomaji mmoja ameniandikia hivi:

"Mwalimu, shikamoo. Kazini kwetu tunaandikiana kwa Kiingereza. Msimamizi wangu alituma maelekezo ya utaratibu mpya wa kutunza kumbukumbu, nikayasoma na kuyarudia nisiambulie kitu. Nikamwandikia: 'I don't totally understand.' Nilitaka kusema sielewi kabisa. Akanijibu kwa furaha, akaniuliza ni kipengele gani kilichobaki, kisha akanipangia nianze kuutumia utaratibu huo siku ileile. Mwenzangu aliposoma ujumbe wangu aliniambia 'totally' ni neno la vijana wa mitaani, halifai kuandikwa ofisini. Lakini mimi naliona kwenye ripoti na katika magazeti makubwa. Sasa ni la mtaani au ni rasmi? Na kwa nini msimamizi alinielewa kinyume?"

Marahaba. Mwenzako amesema nusu ya kweli, ila kilichokuponza si umtaani wa neno. Nianze na hicho kilichokuponza, kwa sababu huwaponza wasemaji wengi wa Kiswahili, hata waliokisoma Kiingereza kwa miaka mingi, na hakifundishwi inavyostahili.

Katika Kiswahili, neno "kabisa" likifuata kitenzi cha kukanusha huukoleza ukanushi wenyewe. Ukisema "sielewi kabisa," anayekusikiliza anajua hujaambulia hata chembe. "Kabisa" limesimama upande wa "si-" na kuitia nguvu. Kiingereza hakiendi hivyo. "Not" hutangulia, nayo hukanusha kile kinachoifuata. Katika "I don't totally understand," kinachoifuata ni "totally," kwa hiyo kilichokanushwa ni ule ukamilifu, si kule kuelewa. Sentensi yako ilimwambia msimamizi: naelewa, ila bado kuna kitu kimenipita. Naye akauliza ni kitu gani. Alijibu sawasawa na alivyoandikiwa.

Ulichokihitaji ni maneno mawili mafupi yanayokaa mwisho wa sentensi: "at all." Hayo ndiyo "kabisa" ya ukanushi katika Kiingereza. "I don't understand this at all" ni sielewi kabisa, sielewi hata kidogo, bila mwanya wa kusomwa vingine. Kama utaratibu wenyewe bado unakusumbua, mwandikie leo: "I'm sorry, my earlier message wasn't clear. I don't understand the new procedure at all. Could you take me through it from the beginning?" Hakuna "totally" humo, na hakuna atakayedhani umebakiza kipengele kimoja.

Tofauti hii inataka mazoezi mpaka iwe mazoea, kwa hiyo nikae nayo kidogo. Ukitaka kusema "siko tayari kabisa," sema "I'm not ready at all." Ukisema "I'm not totally ready," mwenzako atakusubiri mlangoni akijua umebakiza kuvaa viatu. "Simwamini kabisa" ni "I don't trust him at all." Lakini "I don't totally trust him" ni kauli ya mtu anayemwamini mwenzake kwa mengi, ila kuna jambo moja linamtia wasiwasi. Na "sikubaliani nawe kabisa" ina njia mbili nzuri: "I don't agree at all," au "I totally disagree." Itazame hiyo ya pili vizuri. Hapo "totally" limekubalika kwa sababu hakuna "not" iliyolitangulia. Ukanushi umeingia ndani ya kitenzi chenyewe, katika ile "dis-," na "totally" limekaa mbele yake likiukoleza. Vivyo hivyo "totally unable," "totally unaware," "totally unnecessary." Kila ukanushi unapokuwa ndani ya neno, "totally" hulitangulia na kufanya kazi ileile ya "kabisa." Ukanushi unapokuwa nje, yaani "not" peke yake, iache "totally" na uchukue "at all."

Kuna jambo la adabu hapa ambalo vitabu vingi vya sarufi huliruka. Kwa sababu "not totally" huacha mlango wazi, Waingereza hasa huitumia wanapotaka kukataa bila kumvunjia mtu heshima. Mkubwa akikuambia "I'm not totally convinced," usiende zako ukifurahi kwamba amekwisha kushawishika kwa sehemu kubwa. Mara nyingi ana shaka nzito, na amechagua kauli laini ili nawe upate nafasi ya kujitetea. Kisarufi amesema amebakiza kidogo. Kwa desturi ya mazungumzo anaweza kuwa amebakiza kingi. Msikilize sauti, na utazame anachofanya baadaye.

Sasa swali lako la kwanza. Je, ni rasmi au la mtaani? Ni yote mawili, nayo ni kazi mbili tofauti. Ukishazitenganisha hutasumbuka tena.

Asili yake ni "total," neno lililotoka katika Kilatini "totus," yaani -ote, zima. Liliingia katika Kiingereza kupitia maandishi ya wasomi, na kielezi chake "totally" kimekuwa kikiandikwa tangu karne ya 16. Kwa hiyo ni mzee kuliko nchi ya Marekani, ambako baadaye lilipewa sura yake ya ujana. Kazi yake ya awali ni ya kupima: husema jambo limefika ukingoni, halina sehemu iliyosalia. Daktari akiandika "totally blind," anamaanisha mgonjwa haoni hata mwanga. Akisema mtoto mchanga ni "totally dependent" kwa mama yake, hakuna haja anayoweza kujitimizia. Hapo hapana umtaani wowote. Sarufi kubwa ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1985 na Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik huyagawa maneno ya mkazo wa kupandisha katika makundi mawili: yale yanayofikisha jambo kwenye kilele chake, kama "completely," "absolutely" na "entirely," na yale yanayolipandisha tu bila kulifikisha, kama "very," "greatly" na "deeply." "Totally" limo katika kundi la kilele.

Mgawanyo huo una faida kubwa kwa mwanafunzi, maana hukuonyesha ni vivumishi gani vinavyolipokea. Sifa nyingine zina ukingo: chombo hufika mahali kikawa tupu, mtu hufika mahali akawa haoni, kazi hufika mahali ikawa imekwisha. Sifa nyingine hazina ukingo: hakuna urefu ambao hauwezi kuzidiwa, wala uzee, wala ukubwa. Jaribio lake ni jepesi. Tanguliza "almost" mbele ya sifa hiyo. "Almost empty," sawa. "Almost blind," sawa. "Almost tall"? Haikai, kwa sababu hakuna mstari ambao urefu huukaribia. Zile zinazokubali "almost" hukubali "totally" kwa lugha rasmi, zinazoikataa hutaka "very" au "extremely." Ndiyo maana "totally empty" ni Kiingereza safi na "totally tall" haisemwi na yeyote anayeandika kwa uangalifu. Kinyume chake pia ni kweli: "very" haipendezi mbele ya sifa ambayo tayari imefika kileleni. Mtu husema "very tired," lakini akichoka mpaka mwisho ni "totally exhausted" au "absolutely exhausted," si "very exhausted." Chakula kizuri ni "very good", kikiwa kitamu kupita kiasi ni "absolutely delicious," wala si "very delicious," ingawa wengi wetu tumeizoea hiyo ya mwisho.

Jaribio la "almost" halimalizi kila kitu. "Totally different" ni miongoni mwa matumizi yaliyozoeleka kabisa ya neno hili, ilhali "almost different" ni vigumu kuisema. Wasemaji huiona tofauti nayo kuwa na kilele: vitu viwili visipokuwa na chochote cha kushirikiana, hakuna tofauti zaidi ya hiyo. Kwa hiyo litumie jaribio kama taa ya kukuongoza, kisha sikiliza watu wanavyosema.

Na katika kusikiliza huko utagundua kwamba "totally" lina marafiki zake. Hupenda kukaa na maneno ya upungufu, makosa na kukosekana: "totally wrong," "totally unacceptable," "totally lost," "totally ignored." Jema likifika kileleni mara nyingi huitiwa neno jingine, na huwezi kulikisia kwa mantiki, ni mazoea tu. "Perfectly" huenda na "clear," "normal" na "safe." "Fully" huenda na "aware," "equipped" na "booked." "Highly" huenda na "recommended" na "qualified." "Deeply" huenda na "sorry" na "grateful," na "bitterly" huenda na "disappointed." Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kushangaa, kwa maana sisi tumekwenda mbali zaidi yao. Nyeupe ni pe, nyeusi ni tii, nyekundu ni ndu. Giza ni totoro, usingizi ni fofofo, na kilichojaa kimejaa pomoni. Hakuna mtoto aliyepewa sababu kwa nini nyeupe isiwe tii, alisikia, akashika. Vielezi vya Kiingereza vishike hivyohivyo, kila kimoja na mwenzake, wala usijaribu kuvitumia kwa kubadilishana kama shilingi kwa shilingi.

Hiyo ndiyo sura rasmi. Sura ya pili ndiyo aliyoizungumzia mwenzako, nayo ina mantiki yake pia, tena nzuri.

Sikia sentensi hizi: "You should totally come." "I'm totally going to call her." "That was totally my fault." Jaribu kuzipima kwa kipimo cha ukingo, utakwama. Mtu hawezi kuja kwa ukamilifu au kupiga simu kwa nusu. Nini basi kimefika kileleni? Ni moyo wa msemaji. Anayesema "you should totally come" hapimi kuja kwako. Anapima alivyo na hakika kwamba ufike. "I'm totally going to call her" ni "nitampigia, nakwambia kweli tena." Neno limehama kutoka kwenye jambo linalosemwa likaenda kwa yule anayelisema. Kitu cha nje hakipimwi tena. Kinachopimwa ni yakini yake. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya "totally" rasmi na "totally" ya mtaani. Rasmi ukiliondoa, habari yenyewe hupungua: "blind" na "totally blind" si hali moja kwa daktari. La mtaani ukiliondoa, habari hubaki ileile, kinachopotea ni joto la msemaji.

Matumizi haya yalijulikana sana kupitia vijana wa kusini mwa California, hasa wasichana wa Bonde la San Fernando, upande wa kaskazini wa jiji la Los Angeles. Mwaka 1982 wimbo mmoja uliowaigiza kwa mzaha ulivuma Marekani nzima, na filamu za miaka iliyofuata zikaendeleza sura hiyo ya msichana anayemalizia kila kauli kwa "totally." Lililokusudiwa kuwa kejeli likawa shule: waliocheka wakaanza kusema vilevile. Leo wapo watu wazima wenye vyeo wanaolitumia hivyo katika mazungumzo bila kufikiri. Hata hivyo alama ya ujana na ya kujiachia haijafutika, na hiyo ndiyo aliyoinusa mwenzako.

Utalitambua la mtaani kwa mambo machache. Hukaa mbele ya kitenzi ambacho hakina kiasi, kama "come" na "call." Hukaa mbele ya nomino nzima, kama "totally my fault" au "totally a mistake," mahali ambapo lugha rasmi ingesema "entirely my fault" au "clearly a mistake." Hukaa mbele ya sifa zisizo na ukingo, "totally cool," "totally cute." Huweza hata kuitangulia "not": "I totally don't care." Hii ya mwisho inakugusa wewe moja kwa moja. "I totally don't understand" ingekuwa na maana uliyoitaka, maana hapa "totally" liko nje ya ukanushi na linaukoleza. Lakini ni lugha ya marafiki. Kuhamisha neno moja kumebadilisha maana na pia kumebadilisha kabati unalovaa nguo zake. Kwa msimamizi bado "at all" ndiyo inayofaa.

Halafu kuna "Totally!" inayosimama peke yake kama jibu. Mtu anasema mkutano ulikuwa mrefu, mwenzake anaitikia "Totally." Hapa ndipo Kiingereza na Kiswahili vimekutana bila kuulizana, kwa sababu nasi tunaitikia "Kabisa!" na hata "Kabisa kabisa!" kwa maana ileile. Kielezi kimeacha kuandamana na kitenzi, kimegeuka kuwa sauti ya kuunga mkono. Basi ukiwa na marafiki wanaozungumza Kiingereza, hapa unaweza kufasiri "kabisa" kwa "totally" bila hofu yoyote.

Kwa kuwa nimetaja kurudiarudia, nikupe kisa kimoja cha historia ninachokipenda. Kiingereza kina neno "teetotal" kwa mtu asiyegusa pombe hata tone. Ile "tee" ya mwanzo huelezwa kuwa ni herufi T ya "total" iliyotamkwa mara mbili kwa mkazo, na kwa kawaida neno hili huhusishwa na Richard Turner, mpinga ulevi wa mji wa Preston, Uingereza, katika hotuba ya mwaka 1833. Alitaka watu waachane na vileo vyote, si vile vikali peke yake, na "total" tupu haikumtosha. Wamarekani wa miaka hiyohiyo nao walikuwa wakisema "teetotally" walipoona "totally" peke yake haina uzito. Kwa maneno mengine walikuwa wakisema kabisa kabisa.

Hapa tunafika kwenye sababu inayoyafanya maneno haya yabadilike upesi. Mkazo huchakaa kwa kutumiwa. Neno likisemwa na kila mtu kwa kila jambo, halishtui tena, na vijana huleta jingine. Kiingereza cha kale kilikoleza kwa "swithe," lililotokana na neno la nguvu; leo halipo. "Very" lilitoka katika Kifaransa cha zamani likiwa na maana ya "kweli," na leo hakuna anayeusikia ukweli ndani yake. "Really" limepita njia hiyohiyo. Rika Ito na Sali Tagliamonte walichunguza usemi wa watu wa mji wa York, Uingereza, na katika makala yao ya mwaka 2003 walionyesha kwamba wazee walishikilia "very" huku vijana wakiwa wamehamia "really." Mwaka 2005 Tagliamonte na Chris Roberts walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya Friends, tamthilia ya televisheni ya Marekani, wakakuta "so" ndilo lililotumika zaidi, na wahusika wanawake walilitumia kuliko wanaume. Kila kizazi huwa na lake. Hata maneno ya ubaya huchukuliwa kazi hii: "terribly kind" na "awfully nice" ni sifa njema, ingawa mizizi yake ni hofu. Nasi tunao vijana wanaosema jambo ni zuri kinoma, na hakuna anayeliona kuwa baya kwa sababu hiyo.

"Totally" nalo limekwisha kupata mtoto: "totes," ufupisho uliosambaa sana katika jumbe za simu mwanzoni mwa karne hii. Usilitumie. Silikatai kwa sababu ni baya. Maneno yaliyokatwa hivyo hubeba umri wa walioyakata, na mtu anayeyaokota baadaye husikika kama anayeigiza.

Turudi ofisini. Katika ujumbe kwa mwenzako mnaofanya kazi sawa, "I totally agree" na "I totally understand" hazina kosa. Ni kauli za ukarimu, na "that's totally fine" ni njia nzuri ya kumwondolea mtu wasiwasi anapoomba radhi kwa kuchelewa. Katika barua ya maombi, barua kwa mtu usiyemjua, au ripoti itakayosomwa na wakubwa, andika "I fully agree" au "I agree entirely." Maana ni ileile, nguo ndiyo tofauti. Na katika ripoti ningependa uende hatua moja zaidi: jiulize kama neno la mkazo linahitajika. "The equipment was totally destroyed" haikuambii zaidi ya "the equipment was destroyed," kwa kuwa kuharibiwa kwa "destroy" ni kwa mwisho. "Totally unanimous" ni kurudia, maana kauli moja haina nusu. Mahali pa "the files were totally lost," andika "all 12 files were lost." Idadi hukaza kuliko kielezi chochote, na msomaji mwenye shughuli nyingi huiamini zaidi.

Jihadhari pia na mzaha wa mtandaoni ambao hugeuza neno hili kichwa chini. Mtu akiandika "totally not jealous" chini ya picha za rafiki yake aliye safarini, anakiri kwamba anaona wivu. "Totally" hapo limekazwa kupita kiasi makusudi ili msomaji asiamini. Kwa sababu hiyo usiandike "I'm totally not angry" kwa mtu unayetaka aamini kwamba hujakasirika, atasoma kinyume. "I'm not angry at all" ndiyo itakayomtuliza.

Yamebaki mambo ya umbo. La kwanza ni mahali pa kuliweka. "Kabisa" letu hufuata: nimesahau kabisa, nakubali kabisa. Msemaji wa Kiswahili basi husema "I have forgotten totally," na ingawa ataeleweka, sikio la Kiingereza hulitegemea neno hili kabla ya kitenzi kikuu na baada ya kisaidizi: "I have totally forgotten," "it was totally destroyed," "she totally agrees." Kuliweka mwisho kunawezekana kwa vitenzi vichache, kama "I agree totally," na huko hupata uzito wa kutamkwa taratibu. Usiliweke kati ya kitenzi na kile kinachotendwa. "I forgot totally the meeting" haifai. Wala lisichukue nafasi ya "very much": shukrani ni "thank you very much," na upendo wa kawaida wa kitu ni "I really like it."

La pili ni tahajia. "Total" ina L moja, kiambishi kinaleta L nyingine, na zote mbili hubaki. "Totaly" ni kosa ambalo hata Waingereza wenyewe hulifanya.

La tatu ni matamshi, nalo linastahili uangalifu kwa sababu mkazo wa Kiswahili hutuvuta pabaya. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo ulimi wetu husema "to-TA-li." Kiingereza hukaza ya kwanza: "TOU-ta-li," na silabi ya kati hudhoofika hadi karibu kumezwa. Wamarekani huilegeza T ya pili ikasikika kama D nyepesi, "TOU-da-li." Ukikosea mkazo, neno lenye kazi ya kukaza hupoteza nguvu yake hapohapo. Na unaposikiliza, kiimbo kitakusaidia kujua ni "totally" gani umeletewa. Daktari anayesema "totally blind" hulitamka sawa na maneno mengine, bila kulivuta. Kijana anayesema "you should totally come" huirefusha ile silabi ya kwanza na kupandisha sauti juu yake.